Ciwara, kinyago cha swala cha Wabamana wa Mali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Picha ya kinyago chembamba chenye pembe ndefu zinazopanda juu imesambaa kwenye vitabu vya shule, nembo, fulana na kuta za hoteli, mara nyingi ikiandikwa tu "sanaa ya Kiafrika". Kina wenyewe, kina kijiji na kina kazi. Majibu yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya wanaotaka kununua au kutunza.

## Mambo ya msingi

Ciwara ni nini?

Ni kinyago cha mti kinachovaliwa utosini na wacheza ngoma wa Kibamana nchini Mali. Umbo lake kuu ni la mnyama wa jamii ya swala, ingawa ukikitazama kwa utulivu utakuta wanyama wawili au watatu wamechongwa kwenye mwili mmoja.

Jina hilo, lenye maana ya mnyama wa porini alimaye, halikomei kwenye kinyago. Ciwara ni kiumbe wa hadithi aliyewafundisha watu kilimo. Ciwara pia ni mojawapo ya vyama vya jadi ambavyo Wabamana huingia kwa hatua. Na mtu anayewashinda wenzake kwa jembe naye huitwa ciwara, na hakuna sifa inayomfurahisha mkulima kuliko hiyo. Kinyago chenyewe, wakitaka kukitaja peke yake, hukiita ciwara kun, yaani kichwa cha ciwara.

Wabamana ni akina nani?

Ni watu wa kusini na katikati ya Mali, katika maeneo ya Ségou, Bamako, Bougouni na jirani zake. Lugha yao, Kibamana, ndiyo inayozungumzwa zaidi Mali, hata na wasio Wabamana. Vitabu vingi vya zamani vya Kifaransa huwaita Wabambara. Ni watu hao hao. Kwa karne nyingi wameishi kwa mtama, uwele na fonio, nafaka zinazotegemea mvua ya miezi michache kuanzia Juni. Mvua ikichelewa, au vijana wakilegea wakati wa palizi, kijiji kizima hulala njaa mwaka unaofuata. Bila kuijua hali hiyo, kinyago hiki hakieleweki.

Niandike ciwara, chiwara au tyi wara?

Yote utayakuta. Maandishi rasmi ya Kibamana hutumia "c" inayosomwa kama "ch" yetu, kwa hiyo andika ciwara na tamka chiwara. Unapotafuta picha au makala, jaribu pia chi wara, tyi wara na tji wara, kwa kuwa kila makumbusho imeshika tahajia yake.

Je, kinafunika uso?

Hapana. Kimefungwa juu ya kofia iliyosukwa kama kikapu kidogo, nayo hukaa utosini. Uso na mwili wa mchezaji hufichwa na vazi refu la nyuzi za mimea zilizotiwa rangi nyeusi kwa tope. Kwenye makumbusho mengi utaona mti tu; kofia imepotea, vazi limebaki kijijini au limeoza. Binafsi naona hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote, na nitalirudia kwenye swali la maana ya pembe na vazi.

## Hadithi

Hadithi ya ciwara inasemaje?

Iko kwa namna nyingi, na kila eneo lina yake. Ile inayosimuliwa zaidi huanza na Muso Koroni, bibi wa mwanzo wa dunia katika masimulizi ya Kibamana. Alizaa na nyoka kiumbe aliyekuwa nusu mtu nusu mnyama. Kiumbe huyo, Ciwara, aliichimba ardhi kwa kucha zake na kwa fimbo ya mama yake, na alipopita magugu yaligeuka nafaka. Aliwafundisha watu kulima, wakashiba.

Waliposhiba wakaanza kuchezea chakula. Wakatupa nafaka, wakaacha kujituma. Ciwara akajizika ardhini, asionekane tena. Watu wakajuta, wakachonga kinyago ili kumkumbuka na kumwita.

Hadithi hii haimsifu mfalme wala shujaa wa vita. Anayesifiwa ni aliyeinama akachimba. Na kosa linaloadhibiwa ni kupoteza chakula, jambo ambalo kila aliyekulia kwenye nyumba yenye ghala ya mahindi au mpunga atalielewa bila mkalimani.

## Umbo na maana

Ni mnyama gani hasa aliyechongwa?

Wanaotajwa zaidi ni wanne, na wote wana majina kwetu. Wa kwanza ni korongo, swala mkubwa mwenye manyoya ya shingoni yaliyosimama na pembe zilizopinda nyuma. Si ndege wala bonde. Ni yule mnyama anayeonekana Ruaha na Katavi, na ambaye Kenya amebaki katika hifadhi ya Ruma pekee. Wa pili ni choroa, mwenye pembe ndefu kama mikuki. Wa tatu ni muhanga, mchimbaji wa usiku mwenye masikio marefu na kucha zinazovunja kichuguu. Wa nne ni kakakuona.

Muhanga huwashangaza wengi. Swala ana mbio na madaha, lakini hachimbi. Anayejua kuingia ardhini ni muhanga na kakakuona. Mchongaji anapoweka kiwiliwili kifupi cha muhanga chini na kichwa cha korongo juu, amemwonyesha mkulima anavyopaswa kuwa: mwenye nguvu za kuchimba na mwendo wa kupendeza.

Wanyama hao sasa ni adimu huko walikotoka. Choroa wa ukanda wa Saheli alitangazwa mwaka 2000 kuwa ametoweka porini, na tangu 2016 ameanza kurudishwa nchini Chad.

Dume na jike nawatofautishaje?

Katika vinyago vya Ségou dume ana shingo pana iliyotobolewa kwa mistari ya kupinda-pinda, na uume wake umechongwa waziwazi. Jike ni mwembamba zaidi, pembe zake zimenyooka, na mgongoni amebeba mtoto. Watu wengi hudhani mtoto huyo ni pambo. Amebebwa kama mama wa Kiafrika anavyobeba mtoto akienda shamba, na wafasiri wa jadi husema anasimama badala ya binadamu.

Vinyago hivi huchezwa kwa jozi: dume na jike. Kimoja kikiwa peke yake ndani ya kabati la kioo, mwenzake yuko mahali pengine, au amepotea.

Pembe, ile mistari na lile vazi vina maana gani?

Mtaalamu Mfaransa Dominique Zahan, aliyefanya utafiti mrefu kwa Wabamana katikati ya karne ya 20, alieleza hivi: dume ni jua, jike ni ardhi, na vazi la nyuzi ni maji. Nafaka huhitaji vyote vitatu. Mistari ya kupinda shingoni ni njia ya jua kwenda kaskazini na kurudi kusini ndani ya mwaka. Pembe ndefu ni mabua ya mtama yanayopanda.

Watafiti waliokaa vijijini baadaye walisikia maelezo mepesi zaidi: ushindani wa vijana, heshima ya ukoo, fahari ya mkulima hodari. Sioni haja ya kuchagua upande mmoja. Mzee aliyepita ngazi zote za vyama vya jadi na kijana aliyeshika jembe mara ya kwanza hawawezi kukitazama kinyago kwa macho yaleyale. Ila ukifuata tafsiri ya Zahan, kinyago kisicho na vazi ni jua na ardhi bila mvua. Ndiyo maana nasikitika kuona mti mtupu kwenye maonyesho bila hata picha ya mchezaji pembeni.

Mbona vingine vimesimama wima, vingine vimelala, na vingine havifanani na mnyama yeyote?

Ni tofauti za maeneo. Vilivyosimama wima, vyembamba na virefu, baadhi vikikaribia mita moja, ni vya upande wa mashariki, Ségou na jirani zake. Hivi ndivyo vilivyopata umaarufu duniani.

Vilivyolala, pembe zikielekea nyuma sambamba na ardhi, ni vya upande wa Bamako na Beledougou. Mara nyingi kichwa na kiwiliwili huchongwa mbalimbali, kisha huunganishwa shingoni kwa pete ya chuma, pini au ngozi. Ni jambo la nadra, kwani wachongaji wengi wa Afrika hutoa kinyago kizima kwenye gogo moja.

Kusini, Bougouni na Wasulu, kuna vidogo vya mafumbo ambamo pembe, miguu na hata sura ya mtu hupandana hadi usijue mnyama ameishia wapi. Kwa hivyo vya kusini, soma pia swali la sogoninkun karibu na mwisho.

## Uchongaji

Nani huchonga?

Wahunzi, wanaoitwa numu. Kwa Wabamana uhunzi ni kazi ya ukoo: mtoto wa mhunzi huwa mhunzi, na huoa binti wa mhunzi. Wake zao ndio wafinyanzi. Mtu huyohuyo anayefua jembe ndiye anayechonga kinyago cha kulisifu jembe, na ndiye anayeaminiwa kuzishika nguvu zinazosemekana kutoka kwenye moto, chuma na mti uliokatwa.

Kazi hufanywa kwa tezo, kisha visu vya aina mbalimbali. Chuma kilichopashwa moto hutumika kutoboa na kuunguza sehemu ziwe nyeusi, halafu mafuta humalizia. Vinyago vilivyochezwa kwa miaka mingi hupata weusi mzito unaong'aa kutokana na mafuta hayo, jasho na mikono.

Kauri na vipande vya chuma vinavyoonekana juu yake ni vya nini?

Ni mapambo ya heshima: nyuzi nyekundu, vibao vya shaba au bati, hereni puani au masikioni, shanga, na kauri. Kauri zilikuwa fedha Afrika Magharibi kwa karne nyingi, kwa hiyo kuzibandika kwenye kinyago ni kukivika mali.

Hapa ndipo pwani yetu inapoingia. Kauri hazipatikani Mali. Za kale zilitoka Maldivi kwa njia ndefu za biashara. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kuzipakia kwa shehena kutoka Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki, wakizipeleka Afrika Magharibi kununulia mawese. Zilifika nyingi mno hata thamani ya kauri ikaporomoka.

## Ngoma na shamba

Huchezwa lini, na inakuwaje?

Mahali pake pa asili ni shambani, wakati wa kulima na wa palizi. Vijana wa kijiji wana chama chao cha kazi, ton, kinachofanana sana na msaragambo wa kwetu. Hupangwa mstari, ngoma zikipigwa nyuma yao, wakilima kwa kushindana. Wachezaji wa ciwara huja kuwatia ari, na anayetangulia husifiwa mbele ya wote. Baadaye, wakati wa sherehe za kijiji, jozi hiyo hucheza uwanjani.

Wachezaji huwa vijana wa kiume, na heshima ya kuvaa kinyago huwaendea waliojipambanua kwa jembe. Kwa hiyo anayecheza uwanjani tayari ametoka jasho shambani.

Kwa nini wanainama muda wote?

Kila mchezaji hushika fimbo mbili fupi, hutegemea juu yake na kucheza akiwa ameinama, vazi likifagia vumbi. Anaigiza mnyama wa miguu minne, na fimbo ni miguu ya mbele. Fimbo hiyo pia hukumbusha ile ya Muso Koroni. Halafu tazama mtu anayepalilia kwa jembe la mpini mfupi: mgongo wake umekaa vilevile.

Kinyago kilichonyooka kwenye kabati la kioo kilichongwa kionekane kwenye kichwa cha mtu aliyeinama. Ukitaka kukielewa, fikiria kikiwa kimeelekea mbele, kikitikisika, pembe zikikata hewa.

Wanawake wana nafasi gani?

Kubwa. Wanaimba nyimbo za kumsifu mkulima bora na kuwachoma wavivu, na wao hucheza pamoja na jozi. Kijana mvivu hana pa kujificha, kwa kuwa jina lake laweza kuimbwa mbele ya binti anayetaka kumwoa. Wanawake na watoto hawafukuzwi kama ilivyo kwa chama cha komo, ambacho kinyago chake mwanamke haruhusiwi kabisa kukiona.

Je, ni sawa na mapiko ya Wamakonde?

Hapana, ingawa vyote huchezwa. Lipiko ni kofia-kinyago inayofunika kichwa kizima, ina sura ya mtu au jini, na inahusiana na jando na unyago kule Mtwara na kaskazini mwa Msumbiji. Kwa jadi ililindwa kwa siri dhidi ya wanawake na wasiopita jando. Ciwara hukaa juu ya kichwa, ni mnyama, na kazi yake ni hadharani. Hakuna ushahidi wa uhusiano wa moja kwa moja kati ya sanaa hizi mbili.

## Historia, dini na makumbusho

Je, Uislamu ndio uliomaliza ciwara?

Ulichangia sana, lakini si peke yake. Dola ya Wabamana ya Ségou, iliyoinuka mwanzoni mwa karne ya 18 chini ya Biton Kulubali, ilianguka mwaka 1861 mbele ya jeshi la El Hadj Umar Tall, aliyepigana jihadi dhidi ya dini za jadi. Wafaransa wakaiteka Ségou mwaka 1890. Katika karne ya 20 Wabamana wengi walisilimu kwa hiari, na vijiji vingi viliacha vyama vya jadi.

Mambo mengine yaliusukuma mchezo huo pembeni: kodi ya kikoloni na kilimo cha pamba, plau ya ng'ombe iliyopunguza mashindano ya jembe, na vijana kwenda kutafuta kazi Bamako, Abidjan na Ufaransa. Ngoma ya shambani bila vijana shambani haiwezi kusimama. Kama inachezwa leo, jibu liko kwenye swali la mwisho la sehemu hii.

Vilifikaje Ulaya na Marekani?

Kwa njia nyingi. Maofisa, wamisionari na wafanyabiashara wa enzi ya ukoloni walikusanya. Vingine vilinunuliwa kijiji kilipoacha mila au kubadili dini. Vingine viliuzwa na watu wasiokuwa na haki ya kuviuza.

Kuna pia kisa kinachojulikana vizuri kwa sababu mshiriki mwenyewe alikiandika. Septemba 1931 msafara wa Dakar–Djibouti, ulioongozwa na Marcel Griaule, ulipita nchi ya Wabamana. Katibu wake, Michel Leiris, alieleza kwenye shajara yake, iliyochapishwa 1934, jinsi walivyochukua vitu vitakatifu vya chama cha kono, ndugu wa ciwara, wakimtisha mkuu wa kijiji kwa polisi. Vilivyokusanywa na msafara huo sasa viko kwenye makumbusho ya quai Branly, Paris. Hiyo haimaanishi kila ciwara iliibiwa. Inamaanisha kwamba tunaposoma kibao kinachosema "kilipatikana 1931", tuna haki ya kuuliza kilipatikana vipi.

Naweza kuviona wapi?

Mali, anza na Makumbusho ya Taifa, Bamako. Paris, quai Branly, ambayo mwaka 2006 iliandaa maonyesho mazima ya ciwara. New York, Metropolitan Museum of Art. Chicago, Art Institute, yenye jozi ya dume na jike wa mtindo wa wima.

Nairobi, jengo la Kumbukumbu za Taifa lina mkusanyo wa sanaa za Afrika wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Nenda ukazione kazi za Afrika zikiwa ndani ya ardhi ya Afrika, zikiwa zimekusanywa na Mwafrika kwa mapenzi.

Bado kinachezwa?

Ndiyo, kwa sura nyingine. Vipo vikundi vya vijiji na vya mijini vinavyokitoa kwenye sherehe, mapokezi ya wageni na matamasha, na eneo la Ségou ciwara huonekana pia pamoja na maonyesho ya vikaragosi, sogobo. Nchini Mali jina na umbo lake vimebaki ishara ya bidii na ubora, hata kwa Waislamu wasiofuata mila za zamani.

## Kununua na kutunza

Nimeona kimoja dukani, muuzaji anasema ni cha kale. Nitajuaje?

Chukulia ni kipya mpaka ithibitike vinginevyo. Ciwara imekuwa ikichongwa kwa ajili ya wageni tangu enzi ya ukoloni, na nakala zake husafiri Afrika nzima na nje.

Geuza kitako utazame chini. Kinyago kilichochezwa kina matundu ya kukifungia kwenye kofia, na kingo za matundu hayo zimelika na kulainika kwa kamba. Weusi wake si sawa kila mahali. Unazidi pale mikono iliposhika na kupungua kwenye mashimo. Nakala huwa na uchakavu wa mahali pasipogusana na chochote, na wengine huzifukia ardhini au kuzipaka moshi ili zizeeke haraka. Hata hivyo dalili hizi zote zaweza kughushiwa. Karatasi za kuonyesha kilipitia mikono ya nani na lini zina uzito kuliko rangi.

Kununua kipya kilichochongwa vizuri, kwa jina la fundi aliyekichonga, si aibu hata kidogo. Fundi anakula, nawe umenunua kitu cha kweli.

Kisheria kuna tatizo?

Kwa kipya, kwa kawaida hakuna. Kwa cha kale, lipo. Tangu mwaka 1985 Mali imelinda mali za urithi kwa sheria, na imejiunga na mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni. Ukiwa Mali na unataka kusafiri na kinyago, ulizia kibali kwenye Makumbusho ya Taifa kabla ya uwanja wa ndege.

Sogoninkun ni ciwara pia?

Ni ndugu wa karibu, na hata wataalamu huvichanganya. Sogoninkun, kichwa cha swala mdogo, ni ngoma ya Wasulu, kusini, na vinyago vyake vidogo vya mafumbo hufanana na vile vya Bougouni. Huko mchezo una sura ya burudani na ustadi wa mchezaji zaidi kuliko kuita kilimo. Ukikuta kinyago cha kusini kisicho na maelezo ya kijiji kilikotoka, si rahisi kujua kwa kukitazama tu kilikuwa cha ngoma ipi.

Nina kimoja nyumbani. Nikitunzeje?

Usikioshe kwa maji wala kukipaka vanishi au rangi ya viatu. Utafuta alama zote za matumizi. Futa vumbi kwa brashi laini. Kiweke mbali na jua la dirishani na ukuta wenye unyevu. Ukiona unga laini chini yake na vitundu vipya, ni bungua: kitenganishe na fanicha nyingine, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki na uombe ushauri wa makumbusho iliyo karibu. Pembe ndizo huvunjika kwanza, kwa hiyo kiinue kwa kushika kitako.

Mwisho, andika kwenye karatasi ulikipata wapi, lini na kwa nani, na kama unamjua fundi, jina lake na kijiji chake. Kama ulinunua jozi, andika hivyo, na usizitenganishe unapogawa au kuuza.